Kijikapu cha Kahawa Kando ya Njia

Chonyonyo, Jumatatu alasiri

Mwanangu Filemoni,

Barua zote huanzia mahali pamoja: sisi huku hatujambo, tunamwomba Mungu ikukute nawe u mzima. Nimeyaandika maneno hayo mara mbili na mara mbili nimechana karatasi. Karatasi zenyewe ni za daftari la dada yako Kokugonza, naye ameanza kuninunia. Kwa hiyo naanza bila salamu. Wewe ni mzima, nimekuona asubuhi ukila viazi vya watu wawili. Habari ya sisi huku nitaifikia, nipe nafasi.

Umekwenda Kiruruma kumuaga shangazi yako, na kama kawaida yako umekwenda mbio. Nina muda mpaka utakaporudi. Kesho asubuhi lori la kahawa litakuchukua njia panda likushushe Bukoba, upande meli mpaka Mwanza, kisha gari moshi mpaka Dar es Salaam. Huko utakaa wiki mbili na wakimbiaji wa majimbo mengine, mkizoea lile joto, kabla ya siku yenyewe ya mbio. Kwenda, kukaa na kurudi ni mwezi na nusu. Huo mwezi na nusu ndio ulionifanya nishike kalamu.

Sitakuambia ule nini wala ulale vipi. Mwalimu wako wa mbio amesema ya kutosha, nami nilikuwa nasikiliza nyuma ya mlango. Mama yako ametaka nikukumbushe blanketi. Haya, blanketi.

Siku Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipokuja kukupa mkono, alikuuliza miguu hiyo umeitoa wapi. Ukajibu, "Kwa mama." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Unanijua kama mkulima wa kahawa mwenye magoti mabovu, mtu wa kukaa. Tena unanijua kama baba aliyekuchapa ulipokuwa na miaka kumi kwa sababu ulikimbia na mtungi wa maji. Mtungi haukuvunjika. Hata maji hayakumwagika. Nilikuchapa kwa sababu niliona jinsi ulivyokuwa ukikimbia, kifua mbele na macho kwa watu wanaokutazama, nikaogopa. Hukuniuliza kosa lako lilikuwa nini, nami sikukuambia. Leo nakuambia kwamba hukuwa na kosa, na unisamehe.

Nilikuwa tarishi. Kabla hujazaliwa, kabla sijamwoa mama yako, nilipeleka barua za baraza la Bweranyange mpaka Bukoba kwa miguu yangu. Barua ilibanwa kwenye ufito uliopasuliwa kichwani, ikafungwa kwa kamba ya mgomba, nami niliushika ufito ule juu, mbele yangu, ili kila mtu aone. Nilishuka mpaka Kyaka, nikavuka mto kwa mtumbwi, nikaendelea. Siku mbili na kipande. Wenzangu walitumia tatu. Watu walikuwa wanaacha majembe kuja kutazama nikipita, na watoto walinifuata mpaka pumzi ziwaishie. Usinionee huruma kwa kazi hiyo, mwanangu. Niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Sheria ya matarishi ilikuwa moja: usiketi penye rubisi. Mtu akishika barua asionekane penye pombe, basi. Mimi niliiongezea yangu. Niliamua kwamba mwenye barua hasalimii mtu njiani. Unajua kwetu salamu ilivyo: mtu akuulize ulivyoamka, na wa nyumbani walivyoamka, na mvua, na migomba, na ng'ombe kama yupo, ndipo uondoke. Nikaona naibiwa muda. Nikaanza kupita watu wazima bila neno, nikiinua tu ufito juu kidogo, kana kwamba nasema, mnaona wenyewe nina nini. Mwanzoni wazee waliguna. Baadaye wakazoea, wengine wakasifu: kijana yule hana mchezo. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Ni kiburi tu, na kilinipendeza sana.

Njia yangu ilipita chini ya nyumba ya mama yangu Kiruruma, pale pale anapokaa shangazi yako sasa. Leo umepita mahali penyewe mara ya kwanza, na pengine saa hizi unapita mara ya pili. Ni pale migomba inapokaribia barabara, kwenye jiwe.

Mwezi ule shangazi yako alikuwa ameniletea ujumbe mara mbili kwamba mama ananiita, ana neno anataka kuniambia. Mara zote mbili nilimjibu, "Mwambie nitapita nikirudi." Kurudi nako nilikuwa na jibu mkononi, kwa hiyo nilipita kweli, yaani nilipita nikaenda zangu.

Basi asubuhi moja nilitoka Bweranyange na barua ya Mzungu mmoja aliyekuwa amepiga kambi huko. Nilipofika kwenye kona ya Kiruruma nikamwona mama yangu. Alikuwa ameketi juu ya lile jiwe. Mama yangu hakuwa mtu wa kuketi barabarani, na jambo hilo nililiona, usidhani sikuliona. Nguo ilikuwa imemzidi. Mkononi alikuwa na kijikapu chake chenye kifuniko, kile cha amwani, kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu mtu haingii wala haondoki nyumba ya mama yake bila kupewa. Alijua sitapanda mpaka nyumbani, akaamua kuteremka yeye. Akakifungua, akaninyooshea.

"Mwana wange," aliita, "tafuna hata moja tu."

Nikainua ufito.

Nitakuambia lote. Sikuinua ufito tu. Kwa sababu alikuwa ananitazama, niliongeza mwendo. Nilinyoosha mgongo, nikatupa miguu kama ng'ombe dume anayeshuka mtoni, ili mama yangu aone mwanawe anavyokimbia. Nikapita mbele ya mkono wake. Nilisikia vumbi langu likimkohoza. Moyoni nikasema, nikirudi.

Bukoba nilimpa karani ile barua. Mimi wakati ule sikujua hata herufi moja, na sikuwahi kuona haya kwa hilo, maana kazi yangu ilikuwa kupeleka. Lakini siku ile sijui kwa nini niliuliza. Nikasema kwa heshima, "Bwana karani, waitu, imeandikwa nini?" Akaisoma, akacheka.

"Bwana wenu anauliza kama viatu vyake vimeshonwa."

Fundi alikuwa bado anavishona. Nikaambiwa ningoje jibu. Nikangoja siku nne.

Niliporudi, kwenye kona ile ile ya Kiruruma, niliona watu wengi wameketi nje na hakuna hata mmoja aliyeshika jembe. Huhitaji kuambiwa maana yake, hata wewe uliyezaliwa juzi. Walikuwa wameshamzika. Shangazi yako alikuja barabarani, akautoa ufito mkononi mwangu, maana vidole vilikuwa vimekataa kufunguka, akauchomeka ardhini. Nikamuuliza kwa nini hawakunitumia mtu.

"Alikataa," akasema. "Alisema, 'Msimfuate, mtoto ana kazi.' Alisema hivyo kwa kujivuna, kaka. Kila aliyekuja kumwona alimwambia: 'Mmemwona juzi alivyopita?'"

Angenilaani ningeweza kulia nikamaliza. Alijivuna, nami sijamaliza mpaka leo. Na lile neno alilotaka kuniambia, hakumwachia mtu. Shangazi yako alimuuliza, akasema ni langu na yeye. Nimelitafuta miaka yote hii. Nikiwa shambani nakatia migomba huwa nabuni maneno na kumsingizia yeye, moja linanifariji siku mbili, kisha nalijua ni uongo wangu. Pengine lilikuwa jambo dogo. Pengine lilikuwa mpaka wa shamba. Ningelipokea hata hilo.

Niliacha utarishi mwezi ule ule. Nikaenda darasa la ubatizo, mwanamume mzima nimekunja magoti kwenye benchi la watoto, nikajifunza kusoma kwa hasira, ili nisibebe tena kitu nisichokijua. Ndipo nikakutana na mama yako, aliyekuwa benchi la mbele na aliyenicheka nilivyokuwa nikiishika kalamu kama mpini wa jembe. Bado naishika hivyo, kama unavyoona kwa mwandiko huu.

Kijikapu unakijua. Ni kile kinachoning'inia juu ya mlango wa chumba chetu, ambacho ulipokuwa mdogo uliambiwa usikiguse. Ulidhani kina dawa.

Sasa nifike kwenye habari ya sisi huku.

Wewe ulianza kukimbia wakati saa haikuwepo nyumba hii, na mama yako ndiye aliyekuwa saa yako. Alikuwa anateleka chungu cha ndizi jikoni, unatoka mbio mpaka Kiruruma na kurudi, naye anabonyeza ndizi kwa kidole. "Leo umenikuta zimeiva, mvivu wewe." "Leo zina ugumu kidogo." Siku uliyomkuta maji ndiyo kwanza yanachemka, alitoka nje akapiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna harusi. Niliposhindwa kukuchapa uache, yeye ndiye aliyekufundisha. Ulipochaguliwa na nikamweleza maana ya mbio hizo, maili ishirini na sita mjini, aliniuliza swali moja: "Na mwishoni anampelekea nani nini?" Nikasema hapeleki kitu, anafika tu. Akafikiri, akasema, "Afadhali. Hatakuwa na cha kumzuia kusalimia watu."

Filemoni, ni wiki tatu sasa Kokugonza ndiye anayeteleka chungu. Hukuuliza. Nilishukuru kwamba hukuuliza, na nikakukasirikia papo hapo kwamba hukuuliza. Uliambiwa ni tumbo, lile la siku zote, ukakubali, maana kichwa chako kimejaa Dar es Salaam. Sikulaumu. Ninakijua kichwa cha namna hiyo kwa ndani.

Si tumbo la siku zote. Ni uvimbe. Siku ile tuliposema tunakwenda kuuza kahawa iliyobaki, tulikwenda hospitali. Daktari alimpapasa kwa muda mrefu, kisha akanitoa nje akaniambia, "Mpeni chakula anachokipenda." Nilimuuliza mpaka lini. Akasema hadhani kama atamaliza mavuno. Mikahawa umeiona mwenyewe, imeshaanza kuwa myekundu. Mavuno ni mwezi ujao. Sasa unaelewa kwa nini mwezi na nusu wako umeninyima usingizi.

Mama yako anajua. Aliniuliza njiani tukirudi, nikajaribu kudanganya, akasema, "Baba Koku, wewe hujui kudanganya, tembea tu." Tulipofika kwenye mti wa mwisho kabla ya kuingia nyumbani akanisimamisha, akanitaka niahidi kwamba sitakuambia. "Akijua hatakwenda. Na akienda akijua, hatakimbia, atakuwa anatazama nyuma. Acha mtoto akimbie." Nikaahidi. Nimeishika ahadi hiyo wiki tatu, na nilikuwa na nia ya kuishika mpaka lori liondoke. Nilikuwa nimeshaandaa hata uso wa kesho.

Halafu leo asubuhi, ulipokuwa unafunga mzigo wako, aliniita chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, ameoga, amevaa kanga ya Jumapili. Akasema, "Niteremshie kile kijikapu." Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Akasema kesho Kokugonza atamshika mkono mpaka njia panda, ataketi pale kabla lori halijafika, akupe amwani kwa mkono wake, maana mtoto hawezi kusafiri hivi hivi. Ameshaichemsha na majani yake na kuikausha, kwa siri, sijui saa ngapi. "Kama dereva ana haraka," akasema, "nitampa dirishani."

Mwanangu, nilitoka nje nikashika mti. Niliiona kesho yote ilivyo. Nilimwona ameketi kando ya njia, nguo imemzidi, kijikapu mkononi. Nilikuona wewe juu ya lori, kifua mbele, watu wanapunga, na wewe unapokea punje moja haraka, unacheka, unamwambia, "Nikirudi, mama." Na yeye anajivuna.

Nimevunja ahadi. Nilimwahidi mama yako jambo ambalo sikuwa na haki ya kuliahidi. Atanikasirikia, na muda wa kunikasirikia ni mfupi, kwa hiyo nitamwacha akasirike vizuri.

Sikuambii usiende. Nakuomba unielewe hapo, maana najua utaisoma barua hii ukitafuta amri ndani yake, na haimo. Ukibaki, yupo kijana wa Bukoba aliyekuwa wa pili, atachukua nafasi yako, na nafasi hiyo sidhani itakutafuta tena. Ukienda, pengine utamkuta na pengine hutamkuta, na huko njiani, maili ya ishirini, jambo hili litakimbia pamoja nawe. Yeye anataka uende. Anataka kwa moyo wote, si kwa kuigiza. Mimi ninachotaka sikijui. Jana usiku nilitaka uende, leo asubuhi nataka ubaki, na sasa hivi nataka tu niwe si mimi ninayeandika. Ningekuwa baba mwenye busara ningekukatia shauri. Mimi nilishawahi kukata shauri, mara moja, kwenye kona ya Kiruruma.

Ninachojua ni kidogo. Mimi sikujua kwamba ninapita kwa mara ya mwisho. Watu wameniambia miaka yote hii, ungejuaje, na wanasema kweli, nami kweli hiyo haijanisaidia hata siku moja. Nisingeweza kukufanya wewe nawe uwe mtu wa kuambiwa, ungejuaje. Ukienda, nenda unajua. Ukibaki, baki unajua. Na kati ya sasa na saa ya lori una jioni nzima. Kaa naye. Usimwendee na machozi mlangoni, hatapenda. Mwulize kama ana neno. Kama ni mpaka wa shamba, sikiliza mpaka wa shamba mpaka mwisho.

Nilikuwa nataka kukuandikia mengine kuhusu mji na watu, lakini naona hayana kazi tena.

Kokugonza amekuja kuniambia mama yako ameamka, amekwenda jikoni kwa miguu yake na kumfukuza yeye. Amemenya ndizi mwenyewe, ameketi, akipumzika kila baada ya mbili. Ameteleka chungu. Nimemsikia sasa hivi akiuliza kwa sauti, "Amerudi?" Nikajibu bado. "Basi ana muda," akasema, "maji hayajachemka."

Nakuona. Umetokea kona ya chini, penye mikahawa ya jirani. Unakimbia vizuri, Filemoni. Sijawahi kukuambia hilo pia. Naikunja karatasi hii kama ilivyo, bila kuisoma tena, nateremka mpaka barabarani kukusubiri. Nitakunyooshea mkono. Utakuwa na mwendo mzuri, na mama yako anahesabu jikoni, na utataka kuniinulia mkono upite, uingie kabla ndizi hazijaiva.

Kama unasoma haya, basi ulisimama.

Ingia ndani sasa. Yuko macho, na kijikapu kiko kando yake.

Ni mimi baba yako, niliyekaa nje.